Glaida au Injini: Kuchagua Njia ya Kuruka Ukiwa Mombasa

Mombasa haikosi upepo, lakini upepo huo sio unaoiweka glaida juu. Naanza hapo kwa sababu kila nikimwambia mtu wa hapa kwamba hobi yangu ni kurusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, hushangaa kwa nini nafunga safari ya bara wakati pale Mama Ngina upepo unapeperusha mabuibui tangu asubuhi hadi magharibi. Ni swali la haki. Tumekulia kwenye kusi na kaskazi, na mtoto wa mvuvi hujua pepo zimegeuka kabla hajajua mwezi ni wa ngapi. Lakini anayetaka kuchagua kati ya glaida na ndege ya injini akiwa anaishi huku kwetu lazima kwanza aielewe hewa ya huku kwetu. Bei, leseni na ladha ya mtu vinakuja baadaye.

Glaida inashuka muda wote. Inashuka polepole sana: ASK 21, ile ya viti viwili ambayo wanafunzi wengi duniani wamejifunzia, ikipoteza mita moja huwa imesonga mbele mita 34 hivi. Ili ibaki juu, lazima rubani aitafute hewa inayopanda kwa kasi kuliko ndege inavyoshuka, kisha azunguke humo. Hewa hiyo huzaliwa ardhini. Jua linachoma udongo mkavu, udongo unapasha hewa iliyo juu yake, na hewa ikishapata joto inajibandua na kupanda. Mwewe wanaijua vizuri sana. Simama daraja la Kibarani mwendo wa saa nne asubuhi siku ya jua, uwatazame wanavyozunguka bila kupiga bawa hata mara moja, huku wakizidi kuwa wadogo machoni.

Sasa ngoja adhuhuri. Upepo wa bahari unaingia, na hewa ile ya baridi kidogo inatanda juu ya mji wote. Mji unapoa, sisi tunashukuru, na ile hewa ya kupanda inakatika au inasukumwa kule Mazeras na kuendelea. Tena kuna jambo la unyevu. Marubani wa glaida wana hesabu moja rahisi: chukua joto la hewa, toa kiwango cha joto ambacho mvuke huanza kugeuka umande, halafu zidisha kwa mita 125. Unapata takriban urefu ambao mawingu yataanzia, na huko ndiko kwenye dari la safari yako. Siku ya kawaida Mombasa ni nyuzi 31, umande nyuzi 24. Tofauti ni 7, kwa hivyo dari ni kama mita 875. Peleka hesabu hiyo hiyo Mweiga, karibu na Nyeri, siku kavu ya Januari yenye nyuzi 26 na umande wa nyuzi 10: unapata mita 2,000 juu ya ardhi ambayo yenyewe tayari iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Ndiyo maana kwa miaka mingi Mweiga, kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ndiyo imekuwa makao ya mchezo huu nchini.

Kuna njia nyingine ya kupata hewa ya kupanda, na hii imenikosesha usingizi zaidi ya zote. Upepo ukipiga mlima au tuta, hulazimika kupanda ili uvuke. Orville Wright alirudi kwenye matuta ya mchanga ya Kill Devil Hills mwezi wa Oktoba 1911, miaka minane baada ya yeye na kaka yake kurusha ndege ya injini, akakaa juu ya upepo wa bahari kwa dakika 9 na sekunde 45 bila injini yoyote. Rekodi hiyo ilidumu karibu miaka kumi. Ufuo wetu sisi ni tambarare, na matuta ya Mambrui ni mazuri kwa macho tu. Lakini kila nikivuka Likoni kuelekea kusini naitazama Shimba Hills. Ukuta ule unaikabili bahari, unapanda hadi mita mia nne na ushee, na kusi inaupiga miezi kadhaa mfululizo. Kwa upande wa upepo mahali pale panafaa kabisa. Kwa upande wa kutua, juu ni msitu wa hifadhi wenye ndovu, na chini ni minazi, mikorosho na nyumba za watu. Mahali pasipo na pa kutua si mahali pa glaida, hata upepo ukiwa mtamu namna gani.

Kwa hivyo mtu wa Mombasa anayetaka glaida anachagua pia safari. Treni ya SGR kutoka Miritini hadi Nairobi, halafu matatu kwenda Nyeri, na huwezi kwenda kwa siku moja ukarudi. Ndege ya injini haikudai hivyo. Injini haijali kama hewa inapanda au imelala. Ndiyo maana marubani wa burudani wanaouona ufuo huu kutoka juu karibu wote wako nyuma ya propela.

Na ufuo huu kutoka juu ni kitu cha kumfanya mtu anyamaze. Nimekaa kiti cha kulia cha Cessna 172 tukifuata pwani kwenda kaskazini, chini kabisa ya mawingu. Upande mmoja mstari mweupe wa mwamba ambapo mawimbi yanavunjika, unaenda mbele hadi macho yachoke. Upande wa pili hori baada ya hori: Tudor, Mtwapa, Kilifi, maji ya kijani yakiingia bara katikati ya mikoko. Baada ya mvua, ukikaribia Malindi unaona mto Sabaki ukimwaga maji mekundu baharini, na wekundu ule unatambaa mbali na mdomo wa mto kabla haujapotea. Cessna 172 husafiri kama kilomita 200 kwa saa, kwa hivyo Lamu, ambayo kwa basi inakula siku yako nzima, ni safari ya saa moja na kitu. Ina viti vinne. Unaweza kumpeleka mama watoto na watoto wawili wakale samaki Lamu na kurudi jioni, na hilo glaida haitakupa kamwe. Mtu anayetamani kuruka ili afike mahali, na aende na watu wake, asihangaike na shauri langu. Jibu lake ni injini.

Gharama yake inajulikana. Ndege hiyo inakunywa lita 30 na zaidi kwa saa, nayo si petroli ya kituo cha barabarani. Ni petroli maalum ya ndege inayoagizwa kutoka nje. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi inataka umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka, na wanafunzi wengi huzidi hapo. Leseni ya glaida inataka miaka 16 na saa 6, ambazo 2 uwe peke yako, ukiwa umeruka na kutua mara zisizopungua 20. Tofauti hiyo ni kubwa mfukoni, ingawa nauli ya kwenda bara inarudisha sehemu yake.

Linalonisumbua zaidi kuliko ada ni lile linalokuja baada ya leseni. Nimewaona watu waliojinyima miaka wakamaliza mafunzo yao Wilson, kile kiwanja cha Nairobi ambako Aero Club ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1927, bado iko. Wakapata karatasi, wakapiga picha, halafu wakagundua kwamba wanaweza kumudu saa moja kila baada ya miezi miwili. Saa moja kila miezi miwili haitoshi. Mikono inasahau. Masikio yanasahau pia: maneno ya redio ya mnara wa Moi, kiwanja cha ndege cha Mombasa, ambayo zamani uliyajibu bila kufikiri, yanakupita, na kukodi ndege kwenye anga lenye majeti ya watalii ukiwa katika hali hiyo ni kujitafutia balaa. Hobi yoyote ya hatari inahitaji kurudiwa mara kwa mara. Hapa ndipo glaida iliuteka moyo wangu, kwa sababu wiki moja ya likizo Mweiga inakupa kutua kwingi kuliko mwaka mzima wa saa za kukodi kwa kudunduliza.

Wacha nieleze inavyorushwa kwa winchi, mashine ya ardhini inayoivuta glaida kwa kebo, maana watu wengi hawajawahi kuona. Unakaa mbele, mkufunzi nyuma yako, mikanda ya mabegani na kiunoni imebana mpaka huwezi kuinama. Kifuniko cha kioo kinafungwa, na joto la humo linakukumbusha chumba cha kontena mchana. Nje, juu ya kioo mbele ya macho yako, kuna uzi mfupi wa sufu uliobandikwa kwa utepe. Huo ndio utakuambia ndege inakwenda sawa au inateleza upande, na hakuna chombo cha bei kubwa kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mwenzako anaingiza pete ya kebo kwenye ndoano iliyo chini ya tumbo la ndege. Mwingine anainua ncha ya bawa ili ndege isimame wima. Mwisho wa kiwanja, karibu kilomita moja mbele, winchi inapata ishara. Kebo iliyolala majani inaanza kutambaa, inakazika, na kabla hujamaliza kuvuta pumzi umeshaondoka ardhini. Pua inanyanyuka mpaka huoni chochote ila mbingu. Chini ya dakika moja uko mita 350 au 400 juu. Unashusha pua, unavuta kitufe cha njano, unasikia mshindo mdogo chini ya miguu, na kebo imekwenda zake.

Hapo unabaki na sauti ya hewa peke yake. Kelele yake ikipanda, unakwenda kasi. Ikififia, umepunguza mno. Variomita, chombo kinachokuambia unapanda au unashuka, inaanza kulia ndege inapogusa hewa ya kupanda, bawa moja linanyanyuliwa kidogo, na unageukia upande ule ule ulionyanyuliwa, kwa sababu huko ndiko iliko. Usipoipata, baada ya dakika tano au sita uko chini na unarudi kwenye foleni. Ukiipata, unaweza kukaa saa nyingi bila kuchoma hata tone.

Kabla ya kila mruko unataja kwa sauti utafanya nini kebo ikikatika katika urefu gani. Kila mara, hata kama umeruka nusu saa iliyopita. Na kila unapotua, unatua bila nafasi ya pili: glaida iliyokosea hesabu haiwezi kuongeza moto ikazunguka tena. Nadhani hili ndilo somo kubwa la mchezo wote. Ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi miaka mingi kati ya Lamu na Zanzibar, ndiye alinielewa haraka kuliko marafiki zangu wote wa kazini. Aliniuliza, “Na upepo ukikata, mwanangu?” Nikamwambia, “Natua, Ami.” “Wapi?” “Popote palipo wazi.” Akafikiri, akasema, “Basi pa kutua unapachagua kabla haujakata.” Hivyo hivyo. Rubani wa glaida anaruka kutoka mahali pa kutua hadi mahali pa kutua, kama nahodha wa tanga anavyojua bandari ya kukimbilia kabla bahari haijachafuka, wakati mwenye mashine anaweza kupitisha safari nzima asiifikirie hata moja.

Injini nazo huzimika. Huku pwani zina mtego wake ambao mgeni hauamini: barafu. Kwenye ndege ndogo zenye kabureta, petroli inapogeuka mvuke na hewa inapopita kwenye koo jembamba, joto linaweza kuporomoka kwa nyuzi 20 na zaidi. Hewa ya Mombasa ina unyevu tele, na ule unyevu unaganda humo ndani, nje kukiwa na jua la nyuzi 28, hasa rubani anapopunguza nguvu ili ashuke kutua. Dawa yake ni kuvuta kishikio cha hewa moto mapema. Anayesubiri mpaka injini ianze kukohoa amechelewa. Zaidi ya hayo kuna chumvi. Ndege ya bati la alumini inayolala karibu na bahari inataka kuoshwa na kukaguliwa kutu kwa bidii, na mwenye ndege asiyefanya hivyo huwa anampa mwenzake mtihani bila kumwambia.

Injini ikinyamaza, Cessna nayo ni glaida, ila mbaya: inasonga mita 9 hivi kwa kila mita inayoshuka. Ukiwa mita 1,000 juu ya Nyali na hewa imetulia, Cessna itakufikisha Bamburi. ASK 21 ingekupitisha Mtwapa na kukufikisha Vipingo. Tofauti hiyo inabadilisha kabisa namna mtu anavyofikiri akiwa juu.

Kuna visa viwili ninavyovirudia kila mara nikizungumzia jambo hili. Mwezi wa Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu ya makosa ya hesabu za vipimo. Bahati yao, rubani Bob Pearson alikuwa mrushaji wa glaida. Alipofika kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi huko Gimli akiwa juu mno, aliiteremsha ndege ile kubwa kiubavu, ujanja wa kila siku kwa watu wa glaida, akapoteza urefu bila kuongeza kasi na kutua. Watu wote 69 walipona. Kisa cha pili kiko karibu nasi. Novemba 1996, 767 ya Ethiopian iliyotekwa nyara ikiwa njiani kuja Nairobi iliishiwa mafuta na kuanguka majini karibu na ufuo wa Ngazija. Rubani Leul Abate alikuwa anapigana na watekaji huku akijaribu kuitua. Kati ya watu 175 walikufa 125, akiwemo mpiga picha wetu Mohamed Amin. Sisemi mafunzo fulani yangebadilisha msiba ule. Mtu aliyekuwa anashambuliwa ndani ya chumba cha rubani alifanya zaidi ya uwezo wa binadamu, na watu 50 waliishi. Nasema tu kwamba swali la nini kinafuata injini ikinyamaza si la vitabuni kwetu sisi wa mwambao huu.

Niseme basi ninavyoamini. Mtu wa Mombasa aanze na glaida, hata kama nia yake ya mwisho ni kumpeleka mkewe Lamu kwa Cessna. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na ramani. Mimi ni dereva wa kreni bandarini Kilindini. Mbele yangu kuna mita ya upepo siku nzima, na upepo ukizidi kiwango kazi inasimama, kwa hivyo nilidhani nauelewa upepo. Mweiga ilinifundisha kuuelewa kwa mwili, na nilipokaa tena mbele ya usukani wa ndege ya injini, mkufunzi alisema miguu yangu, inayokanyaga pedali za usukani wa mkia, tayari inafanya kazi yake. Wanafunzi wengi wa injini huiacha miguu ilale, maana ndege za kisasa zinasamehe. Uzi wa sufu hausamehi.

Kuna tofauti nyingine inayohusu tabia zaidi ya mbinu. Ndege ya injini unaikodi, unaruka saa yako, unalipa, unaenda nyumbani. Glaida inakula siku nzima. Utavuta ndege kwa mikono, utakimbia ukishika bawa la mwenzako, utaandika saa za kuruka na kutua za watu wengine, na ikiwa mtu ametua kwenye shamba la ngano utaenda na trela kumchukua, mkizungumza vizuri na mwenye shamba. Asiyependa watu hataipenda. Mwenye watoto wadogo na Jumapili moja tu ya kupumzika naye nitamwambia waziwazi kwamba haitamfaa kwa sasa, na asione haya kuchagua saa moja ya injini, au kungoja.

Wale vijana wanaoniuliza kuhusu parachuti za kuteleza za Kerio, kule ukingo wa Elgeyo karibu na Iten, hao nawaambia ni jamaa wa karibu wa glaida, hewa ni ile ile ya kupanda na msimu mzuri ni ule ule wa kiangazi cha mwanzo wa mwaka. Ni nyepesi kubeba na rahisi kuanza, ila mtu ananing'inia nje na hewa ikichafuka kitambaa kinaweza kukunjika. Afunzwe na mtu anayekujua Kerio.

Kama umeamua, fanya mambo haya kwa mpangilio. Panga likizo yako iangukie Januari au Februari, kaskazi ikivuma huku na bara pakiwa pakavu. Ruka mara moja ya majaribio kwa glaida na mara moja kwa ndege ya injini kabla ya kununua kifurushi chochote cha masomo, na umwombe mkufunzi akuachie usukani badala ya kukutembeza. Lakini kabla ya nauli na kabla ya kulipa shilingi yoyote ya mafunzo, nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, akupime macho, masikio, moyo na sukari. Kuna watu wamelipa karo yote kwanza, wakaja kuambiwa na daktari kwamba hawawezi kupewa cheti cha afya.